Ngamia Aliyemezwa na Koma

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepata kazi. Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu hooyo husoma Kisomali na Kiarabu, na kuna mambo ambayo mama hapaswi kuyajua mpaka yaive.

Kazi yenyewe ni hii. Ushirika wetu wa wafugaji hapa Garissa una ngamia mia moja na sitini. Kila ngamia ana hereni ya plastiki sikioni, na kila hereni ina nambari yake. Wiki jana Daktari Timiro, daktari wa mifugo, alichukua damu ya ngamia wote. Baadhi yao wana dhukaan, ule ugonjwa unaoletwa na inzi, unaomkondesha ngamia polepole mpaka anaanguka. Majibu ya maabara yatatoka kidogo kidogo. Daktari anasafiri Ijara kesho jioni, kwa hivyo atakuwa akituma nambari za wagonjwa kwa simu.

Inatakiwa programu. Ipokee maandishi ya daktari, iyageuze kuwa orodha ya nambari, imtafute mwenye kila nambari, imtumie ujumbe alete ngamia wake bomani apigwe sindano. Dozi ziko ishirini na nane tu. Zikiisha, hakuna nyingine mpaka mwezi ujao.

Filsan alikuwa ameshaulizwa kabla yangu. Huyu ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya wasichana hapa mjini, tulisoma darasa moja, na tangu darasa la tano ana tabia ya kuwa sahihi. Aliomba wiki mbili. Moja ya kuandika, moja ya kujaribu.

Mimi nilimwambia mwenyekiti, adeer Salad (adeer kwetu ni ami), kwamba siku mbili zinanitosha. Niliongeza kwamba mtu anayehitaji wiki nzima kujaribu kazi yake mwenyewe ni mtu anayeishuku. Adeer Salad akauliza kama mimi ndiye mtoto wa Osob, yaani hooyo. Nikasema ndiye. Akasema haye, yaani sawa.

Mambo yakienda sawa, ushirika utaajiri afisa wa kompyuta wa kudumu. Meza yake iko tayari, nimeiona. Iko chini ya feni.

Nimejifunza kupanga programu kwa video kwa wiki sita. Mbili kati ya hizo video nilizimaliza.

Jumanne, 4 Februari

Daktari Timiro aliniachia mfano wa ujumbe kabla ya kuondoka: 14 27 33 48. Ngamia wanne. Kazi ya dakika kumi, nilisema.

Sikujua kwamba kompyuta ni kaidi kiasi hiki. Mtu akiandika 14, yenyewe haioni kumi na nne. Inaona alama ya moja na alama ya nne zimeandamana, kama herufi mbili za neno. Mpaka uiamuru igeuze. Amri yenyewe ni int. Nikaipa int ujumbe wote wa daktari mara moja. Ikakataa kwa maandishi mekundu. Nilisoma mara tatu, nikaelewa kwamba inachukia nafasi zilizo katikati ya nambari.

Sawa. Nikaziondoa nafasi.

Ikakubali mara moja. Halafu ikaenda kutafuta ngamia mwenye hereni nambari milioni kumi na nne, mia mbili sabini na tatu elfu, mia tatu arobaini na nane. Ikarudi ikasema hayupo. Hapo nilikubaliana nayo.

Baada ya swala ya alasiri nilikutana na Filsan kwenye duka la kutoa kopi. Aliuliza kazi imefikia wapi. Nikasema imeisha. Akauliza nimefanyaje kuhusu zile nafasi. Aliniita ndugu, akasema, "Walaal Korane, kabla hujageuza, kata kwanza..." Nikamkatiza. Nilimwambia kila fundi ana njia yake. Akachukua kopi zake akaenda.

Kabla ya magharibi njia yangu ilipatikana. Nimeiamuru programu ipite juu ya ujumbe alama moja baada ya nyingine, iruke nafasi, na kila alama iliyobaki iigeuze kuwa nambari. Hakuna wekundu. Orodha imetoka safi ndani ya mabano yake: 1, 4, 2, 7, 3, 3, 4, 8.

Waliagiza orodha. Hii ni orodha. Walitaka nambari kamili. Hizi zote ni kamili. Nambari nne zimeingia, nane zimetoka, na sioni ubaya wa mteja kupata zaidi ya alichoomba.

Jumatano, 5 Februari

Siku ya uzinduzi. Nilivaa shati la Idd.

Saa tatu asubuhi ujumbe wa kwanza wa daktari uliingia kutoka Ijara: 52 16 81 39 74. Nikabonyeza. Programu ikatuma jumbe kumi bila kusita. Chini ya kila ujumbe nimeweka maneno "Imetumwa na Afisa Korane". Ni vizuri watu wazoee.

Jambo moja la ajabu. Jumbe zote kumi zilikwenda kwa adeer Salad. Hereni zilipogawiwa, yeye kama mwenyekiti alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na ngamia wake tisa wakapewa nambari moja mpaka tisa. Alikuwa akinywa chai simu ilipoanza kulia. Nasikia hakuimaliza. Amepiga simu kwa wachungaji wake, walikuwa njia ya Modogashe, mwendo wa kutwa nzima. Wanaletwa wote.

Nilimhurumia. Pia niliona hii ni bahati. Mwenyekiti ndiye wa kwanza kuonja huduma.

Alhamisi, 6 Februari

Boma lilijaa watu waliokuja kutazama tu. Ngamia wa adeer Salad walifika na vumbi la njia nzima. Mpigaji sindano ni Mustafe, kijana mwenye mikono ya taratibu, ambaye huiita kazi yangu "brogramu" kwa heshima kubwa. Alisoma karatasi niliyompa. Akauliza kwa nini ngamia nambari moja ameandikwa mara mbili, na je ampige sindano mbili. Nikamwambia programu haidanganyi. Mustafe alifikiri, akasema programu haijawahi kupigwa teke na ngamia, na akampiga moja.

Dozi tisa zikaenda. Zimebaki kumi na tisa.

Adeer Salad alishika kamba ya kila ngamia kwa mkono wake huku akisoma dua. Nilimfariji. Nilimwambia ugonjwa umegunduliwa mapema kwa sababu ya teknolojia, na kwamba kwa macho wasingedhaniwa ni wagonjwa kabisa. Akasema kweli, kwa macho walikuwa wazima. Aliniombea maisha marefu mbele ya watu wote. Niliangalia kama Filsan yupo. Hakuwepo.

Mchana ujumbe wa pili uliingia: 90 63 25. Adeer Salad akapata jumbe nyingine tano, na moja ikatafuta mwenye hereni sifuri bila kumpata. Alinipigia simu. "Korane, huyu wangu nambari tisa amepigwa sindano leo asubuhi. Anaitwa tena. Ana ugonjwa wa pili?"

Nilimjibu kwamba huenda mfumo unataka kuhakikisha.

Ijumaa, 7 Februari

Siku mbaya.

Baada ya swala ya Ijumaa adeer Salad alikuwa akinisubiri nje ya msikiti. Ngamia wake wamevimba shingo pale sindano ilipoingia, wawili hawataki kula. Hakupaza sauti. Aliniuliza swali moja tu. Ushirika una ngamia mia moja na sitini, je, ugonjwa umewachagua wake peke yao?

Nilianza kueleza. Niligusia hali ya hewa. Bahati mbaya Filsan alikuwa akitoka upande wa wanawake na mama yake, na adeer akamwita. Filsan aliomba kuona ujumbe wa daktari, kisha orodha yangu. Alizitazama kwa muda wa pumzi moja.

"Adeer, wako ni wazima," alisema. "Hamsini na mbili imekuwa tano na mbili. Kumi na sita imekuwa moja na sita. Wagonjwa wa kweli hawajaitwa mpaka sasa."

Adeer alirudia maneno hayo taratibu, kama mtu anayepima nyama mkononi. Tano na mbili. Nilisema programu ilikuwa bado katika hatua ya mafunzo. Akauliza nani anafunzwa.

Filsan hawezi kuichukua kazi sasa hivi, anasahihisha mitihani mpaka katikati ya wiki ijayo. Basi adeer amenipa mpaka kesho. La sivyo, meza ni ya Filsan. Kabla ya kuondoka Filsan alinieleza tena, na safari hii sikumkatiza kwa kuwa adeer alikuwa amesimama karibu. Kuna amri inaitwa split. Inakata maandishi kila palipo na nafasi, vipande vinatoka kimoja kimoja, kisha kila kipande unakipeleka kwa int peke yake. Niliandika kwenye kiganja huku nikijifanya najikuna.

Alisema tena, akinitazama, kwamba nisiache kuijaribu kwa maandishi mabaya. Watu hawaandiki vile unavyotarajia, alisema. Nikasema bila shaka.

Jumamosi, 8 Februari

Imefanya kazi. Ujumbe wa mfano uliingia, nambari nne zikatoka. Nambari nne hasa, kumi na nne ikiwa kumi na nne. Nilikaa nikiitazama kwa furaha ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyemwona mtoto wake akitembea.

Nilipitisha tena jumbe mbili za daktari. Wenye ngamia wanane waliitwa, wanane wakaja kabla ya adhuhuri, Mustafe akawapiga wote. Dozi zimebaki kumi na moja. Niliwaeleza watu bomani jinsi kosa lilivyogunduliwa na jinsi lilivyosahihishwa. Jina la Filsan halikupata nafasi ya kuingia kwenye maelezo.

Alasiri nilikuwa ofisini, adeer Salad ameketi kando yangu, macho kwenye skrini. Ujumbe wa tatu ukaingia. Daktari safari hii alikuwa ameandika hivi: 47, 118, 20, 65, 103. Sijui kwa nini ameweka koma. Wiki nzima hakuwa na koma. Nikabonyeza, na wekundu ukajaa skrini. Programu ilikuwa imekata vizuri palipo na nafasi, lakini kipande cha kwanza kilibaki na mkia wake, 47 na koma, na int haimezi koma.

Adeer aliuliza ule wekundu ni wa nini.

Sikuweza kuwa na wekundu mbele ya adeer. Nilikumbuka kitu kutoka video ya pili. Unaweza kuiambia programu ijaribu, na ikishindwa, ipite kimya bila kusema lolote. Mistari miwili tu. Nikaiandika kwa vidole vya haraka, nikabonyeza tena. Wekundu ukatoweka. Orodha ikatoka: 103. Mmoja tu.

Nikamwambia adeer Salad kwamba ugonjwa unapungua. Alhamdulillah, alisema, na akaagiza chai ya watu wawili.

Jumapili, 9 Februari

Ujumbe wa daktari: 12, 88, 131. Programu ilimwita 131 peke yake. Ugonjwa uko mbioni kuisha.

Nimechapisha kadi zenye jina langu. "Korane, Afisa wa Mifumo." Herufi za kijani.

Jumatatu, 10 Februari

Ujumbe: 56, 140, 29, 71. Aliyeitwa: 71. Hakuna wekundu hata kidogo.

Nimeandika ripoti ya kurasa mbili yenye mchoro wa mstari unaoshuka kutoka Alhamisi mpaka leo. Ni mchoro mzuri. Daktari Timiro alipiga simu kutoka Ijara kuuliza kama wagonjwa wanatibiwa. Nikasema kila aliyeitwa na programu ametibiwa. Alifurahi. Nilisema kweli tupu, nikichunguza maneno yangu.

Jumanne, 11 Februari

Asubuhi alikuja Raho. Ni mjane, anauza maziwa sokoni, kila mtu anamjua kwa kibuyu chake chenye shanga za bluu. Ana ngamia watatu, lakini anayekamuliwa sasa ni mmoja, na watoto wanne wanakula kwa huyo mmoja. Tangu Jumamosi ngamia huyo hali chakula vizuri. Macho yanatoa machozi. Leo amekataa kusimama.

Aliuliza kama nambari yake imeitwa. Hereni arobaini na saba. Nilimwonyesha orodha kwa adabu, nikamgeuzia skrini aione mwenyewe. Arobaini na saba haimo. Nikamwambia kwa heshima, kama shangazi, "Eedo, kulingana na kompyuta, ngamia wako ni mzima."

Aliniuliza, "Kompyuta imemwona?"

Kisha akasema amempigia daktari simu mwenyewe, alfajiri. Daktari amemwambia arobaini na saba ndiye wa kwanza kabisa kwenye ujumbe wa Jumamosi, na akashangaa kwamba hajatibiwa.

Nilifungua ujumbe wa Jumamosi. Ilikuwa pale, mwanzo wa mstari, na koma yake. Nikazihesabu zile ambazo programu yangu ilizipita kimya. Nne Jumamosi. Mbili Jumapili. Tatu jana. Tisa. Katika kila ujumbe ni wa mwisho tu aliyepona, kwa kuwa wa mwisho hafuatwi na koma. Ule mstari wa ripoti yangu ulikuwa unashuka kwa sababu mimi nilikuwa nawatupa wagonjwa njiani.

Raho alikuwa amesimama mbele ya meza akisubiri nimwambie kitu.

Nilipaswa kumwita adeer Salad. Nilimwita Filsan. Alikuja katikati ya kipindi, chaki bado mikononi. Sikumweleza mengi, aliona mwenyewe. Kwanza alifuta ile mistari yangu miwili ya kupita kimya. Kisha akaweka amri ya kugeuza kila koma kuwa nafasi kabla ya kukata. Kisha akaongeza kwamba kipande kikikataa kuwa nambari, programu isimame na ikitaje kipande chenyewe, ili mtu amuulize daktari. Haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Hakunisema. Heri angenisema.

Wagonjwa wa kuita walikuwa tisa, na jumbe zao zikatumwa. Dozi zilizobaki zilikuwa nane. Filsan alizihesabu mara mbili, akauliza zile tisa za kwanza zilikwenda wapi, kisha akakumbuka mwenyewe.

"Wa Raho hawezi kutembea," alisema. "Sindano ndiyo itamfuata."

Tulikwenda kwa pikapu ya Mustafe. Raho mbele, mimi na Filsan nyuma, mwendo wa karibu saa nzima kwenye mchanga mwekundu. Raho hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulimkuta ngamia amelala, shingo imenyooka chini, ndama amesimama kando akimsukuma kwa pua. Raho alipiga magoti akamwambia maneno ambayo sitayaandika, hayakuwa yangu.

Mustafe aliniambia nishike kichwa. Nikakishika. Kilikuwa kizito na cha moto, na jicho moja lilinitazama kwa karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunitazama. Sindano ikaingia. Hakushtuka hata kidogo. Mustafe alisema afadhali angepiga teke.

Daktari kwa simu alisema mpaka kesho itajulikana.

Njiani kurudi niliona aibu. Naandika hapa ili ijulikane kwamba niliiona. Ilidumu mpaka tulipoanza kuona minara ya simu ya mjini.

Jumatano, 12 Februari

Amesimama. Raho alipiga simu saa moja asubuhi. Amekunywa maji, ametafuna majani kidogo ya mgunga. Maziwa yamekatika. Huenda yakarudi mvua zikinyesha, huenda yasirudi. Kwa sasa watoto wanakunywa chai ya rangi, na ndama ananyonyeshwa kwa jirani.

Wenye ngamia wengine walianza kuja bomani. Saba walifika kabla ya saa sita. Wa nane hakuja na ngamia. Alikuja Dagane, mzee wa maneno machache, mwenye hereni mia moja na kumi na nane. Aliingia ofisini, akaiweka hereni hiyo mezani, plastiki ya njano yenye damu kavu kidogo. Alisema ngamia alikufa Jumatatu. Alisema alikuwa akisubiri ujumbe. Kila jioni aliitazama simu, alisema, na kwa kuwa haukuja aliamini ni njaa ya kiangazi tu.

Filsan ndiye aliyesema. Alimwambia ukweli wote, kwamba nambari yake ilitumwa na daktari Jumamosi na kwamba ilipotea hapa, kwenye kompyuta hii. Dagane alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, bila hasira, ilipotelea wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole ile koma kwenye skrini. Aliinama akaitazama kwa muda. Alisema ni ndogo.

Dozi zikatosha. Nane kwa wanane. Sijawahi kuchukia hesabu kutoka sawa kama leo.

Alhamisi, 13 Februari

Kikao cha ushirika. Adeer Salad hakunifokea, jambo lililonitia hofu. Alisema kila mwanachama atatoa sehemu ili Dagane apate ngamia mwingine, na yeye mwenyewe ataanza kwa kutoa ndama jike. Ngamia wake watamwia radhi, alisema, wameshaitumikia programu yangu vya kutosha. Watu walicheka kidogo. Mimi nilicheka pia, nikaona nimecheka peke yangu mwishoni.

Kisha akasema meza ni ya Filsan.

Filsan aliomba jambo moja kabla ya kukubali: wiki moja ya kujaribu. Wakampa mbili.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, Raho aliingia. Nilidhani anakuja kunilaani na nikasimama wima kupokea. Badala yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ujumbe uliomfikia Jumanne ulikuwa na jina langu chini, Afisa Korane, na mimi ndiye niliyeshika kichwa cha ngamia wake. Alisema Mungu anilipe. Alisema hatanisahau katika dua.

Filsan alikuwa ameketi pale pale, chini ya feni. Aliinua macho akanitazama, akisubiri.

Nikamwambia Raho, "Amin, eedo. Ni wajibu wangu."

Filsan alirudisha macho kwenye skrini.

Jumapili, 16 Februari

Siku tatu nimekaa nyumbani nikitafakari. Hooyo anasema nimekonda. Nimetafakari kwa kina na nimefikia uamuzi: tatizo lilikuwa daktari. Mtu akianza na nafasi amalize na nafasi. Mimi si mtu wa kubishana na wateja wanaobadilisha uandishi katikati ya wiki. Kosa langu pekee lilikuwa kuwaamini.

Na milango imefunguka. Abti, yaani mjomba wangu, yuko Wajir, na jirani yake Arbia ni katibu wa kamati ya visima. Wanapima kina cha maji kila wiki na kutuma vipimo kwa simu, na wanataka programu ya kugeuza vipimo hivyo kuwa orodha ya nambari. Abti amemweleza Arbia kwamba mimi ndiye niliyejenga mfumo uliookoa ngamia kumi na tisa Garissa. Sijui alipata wapi idadi hiyo kwa usahihi namna hiyo, isipokuwa kwamba nilimwambia.

Arbia aliuliza kwa simu nitahitaji muda gani. Nikasema siku moja. Alisikika amefurahi sana. Aliuliza pia kama kuna haja ya kuijaribu kwanza. Nilimtuliza.

Leo ametuma vipimo vya mfano: 12.5 9.8 14.2. Nimefurahi kuona nafasi safi na hakuna koma popote. Nikakata kwa split kama mtaalamu. Kisha int ikakataa, kwa wekundu ule ule. Safari hii inalalamikia nukta. Filsan hakuwahi kuniambia lolote kuhusu nukta, na sina sababu ya kumsumbua mtu mwenye meza mpya.

Nukta nimeziondoa. Imekubali bila neno, orodha safi ya nambari tatu, tatu zimeingia na tatu zimetoka, nimehesabu.

Kisima cha kwanza kina mita mia moja ishirini na tano. Sikujua watu wa Wajir wanafuata maji mbali hivyo. Nimemwandikia Arbia mara moja kwamba kamati itahitaji kamba ndefu zaidi.